Uyoga wa Glafira Tikhonovna

Ijumaa, tarehe 29 Desemba 1989, zamu ya asubuhi itakapokwisha, Glafira Tikhonovna Mezentseva ataitundika ngao yake ya kuchomelea ukutani na hataiteremsha tena. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na mitatu na miezi tisa katika karakana yetu hapa Leninsk. Aliteremka kwenye treni ya Kuibyshev mwezi Machi 1966 akiwa na sanduku moja na chungu cha matango ya chumvi, na swali lake la kwanza kwa aliyempokea lilikuwa: "Miti iko wapi?" Akajibiwa kwamba miti imo kwenye mpango wa mwaka unaofuata.

Kabla ya kueleza kazi yake, ni vizuri kutaja jambo ambalo mji mzima umekuwa ukiliuliza tangu Novemba. Ule uyoga mkubwa mwekundu wenye madoa meupe, uliopo kwenye uwanja wa chekechea ya Mtaa wa Mafundi, utabaki au utapelekwa makumbusho ya mji mkuu? Mkurugenzi wetu amemwachia Tikhonovna aamue mwenyewe, kwa kuwa ni mikono yake iliyouchomelea. Wafanyakazi wapya hucheka wanaposikia watu wazima wakibishana juu ya uyoga. Lakini tangu Agosti magazeti ya Moscow yenyewe yameandika mambo haya, kwa hiyo sasa inaruhusiwa kueleza hapa kwenye gazeti letu la ukutani kilichoko chini ya rangi ile nyekundu. Tutaanza mwanzo.

Miaka ile sisi na Wamarekani tulikuwa tukishindana nani atatangulia kumfikisha mtu mwezini. Wao walikuwa na roketi yenye injini tano kubwa mno. Yetu, N-1, ilikuwa na injini thelathini chini yake, na nguvu yake ya kuondoka ardhini ilizidi ya kwao. Hilo hatukuweza kulisema popote. Hata jina hatukulitaja. Karakanani iliitwa "bidhaa", na nyumbani haikuitwa chochote.

Mafuta ya bidhaa yalikaa ndani ya matufe. Tufe kubwa kuliko yote lisingeweza kupita kwenye reli likiwa zima, kwa hiyo liliwasili vipande vipande, vimepinda kama maganda ya chungwa, nasi tukaviunganisha hapahapa nyikani. Hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa Tikhonovna. Fundi mmoja alisimama nje ya tufe, mwingine ndani, na yeye alipenda ndani. Wakati wa baridi alisema ndani hamna upepo, na wakati wa joto alisema ndani hamna wakubwa.

Waliokuwa naye zamu moja wanakumbuka kwamba aliimba humo. Sauti yake ya kawaida inakwaruza kidogo. Ndani ya tufe ilizunguka ikarudi imenenepa kama kwaya ya kanisa. Mkuu wa zamu alijua kazi inavyokwenda bila kupanda ngazi. Akisikia wimbo wa harusi, mshono umekaa vizuri. Akisikia kimya, pana tatizo, na mwenye akili hasogei.

Kila mshono ulipigwa picha ya eksirei, na picha ikionyesha doa, sehemu ile ilikatwa na kuchomelewa upya. Vijana waliokuja na haraka ya kumaliza zamu walirudishwa mara nyingi hadi wakakaribia kulia. Yeye aliwaambia neno lilelile kila mara: "Mshono haujui kama wewe una haraka." Mafundi wengi wa karakana hii wamepita mikononi mwake, na baadhi yao leo ni wakuu wa zamu. Wote wanajua kwamba akikusifu husema "si mbaya", na kwamba akisema "vizuri sana" ni heri uanze upya.

Kwa kuwa kazi ilikuwa ya siri, mama yake huko kijijini karibu na Syzran aliambiwa kwamba binti yake anachomelea matangi ya maziwa. Mama huyo, Mungu amrehemu, aliitangaza habari hiyo kijiji kizima. Matokeo yake, Tikhonovna alipokwenda likizo mwaka 1970, mwenyekiti wa shamba la ushirika alikuwa akimsubiri kituoni. Tangi lao la maziwa lilikuwa linavuja. Hakuweza kukataa bila kutoa siri, kwa hiyo likizo yake ilianzia zizini. Mwenyekiti alipitisha kidole kwenye mshono ule, akarudia, akasema: "Mama Mezentseva, binti yako anachomelea utadhani maziwa yetu yanapelekwa mwezini!" Tikhonovna anasema hajawahi kukohoa muda mrefu kama siku ile.

Wageni hudhani mashindano ya wakati ule yalikuwa kati yetu na Wamarekani tu. Wamarekani walikuwa mbali. Mpinzani wa kila siku alikuwa upande wa kushoto. Uwanja wetu wa kurushia roketi ulikuwa na pande, na kila upande ulikuwa na mbunifu wake mkuu, roketi yake, mabasi yake na kantini yake. Sisi wa katikati tulichoma mafuta ya taa na oksijeni. Wa kushoto walitumia mafuta ya sumu, ambayo mvuke wake tu unatosha kumlaza mtu hospitali. Sisi tuliwaita wauza sumu, wao walituita majiko ya mafuta ya taa. Wakubwa waligombania fedha na injini huko Moscow, na sisi wadogo tuligombania viti kwenye treni ya wafanyakazi ya asubuhi.

Kwenye treni hiyo ndiko Tikhonovna alikokutana na Sapar Duisenov, dereva wa kreni wa upande wa kushoto, mwenyeji wa nyika hii na bingwa wa maneno. Mabehewa yao yalikuwa jirani, na kila asubuhi dirisha lilifunguliwa.

"Malkia wa matufe!" Sapar alikuwa akipaza sauti. "Leo jiko lenu limewaka?"

"Limewaka, Sapar. Wewe usije kunywa chai, sumu ya mdomo wako itatoboa kikombe."

"Sumu yangu inapaa, dada. Ya kwenu inachemka tu, haiondoki mekoni!"

"Itaondoka. Wewe shika kofia yako."

Iliondoka tarehe 21 Februari 1969, mchana. Wanawake hawakuruhusiwa karibu na jukwaa la kurushia, kwa hiyo mafundi wetu wa kike walipanda kilima wakiwa wamevaa kila walichokuwa nacho. Injini zilipowaka, ardhi ilitetemeka mpaka meno yakagongana. Roketi ile ilipaa, na Tikhonovna, aliyekuwa ameshika koti la jirani yake, alilipasua mfuko. Muda mfupi baadaye injini zilizimika, nayo ikaanguka mbali nyikani. Watu walishuka kilimani. Yeye peke yake aliuliza: "Matufe?" Akaambiwa tume inatafuta sababu kwenye injini, si kwenye matufe. Akaitika kwa kichwa, akaenda kushona mfuko wa watu.

Mwezi wa Julai roketi ya pili iliangukia jukwaa lake lenyewe, na vioo vilivunjika mbali sana. Mwezi huohuo Wamarekani walitembea mwezini. Kantini yetu siku hiyo ilikuwa na supu ya kabichi. Wengine walisema picha zile ni za uongo, wengine wakalaani. Tikhonovna aliweka kijiko chini akasema: "Kuna mtu kwao alichomelea matangi yale. Ningependa kumpa mkono." Mjumbe wa chama aliyekaa karibu alishughulika sana na mkate wake.

Zilirushwa nyingine mbili, mwaka 1971 na mwaka 1972. Ya nne ilibakiza kidogo sana sehemu yake ya kwanza imalize kazi, kisha nayo ikapasuka. Majira ya kuchipua ya mwaka 1974, wakati bidhaa mbili nyingine zilikuwa karibu tayari, amri ilikuja kwamba kazi isimame. Wiki hiyo dirisha la behewa la jirani halikufunguliwa. Tikhonovna alipopanda treni alikuta Sapar amemwachia kiti cha dirishani, naye Sapar mwenyewe amesimama mlangoni anatazama nje kama mtu asiyejua kiti hicho ni cha nani.

Baada ya amri ya kusimama ilikuja amri ya kukata. Kila kilichotengenezwa kwa ajili ya bidhaa kilipaswa kukatwa, pamoja na matufe. Walioyachomelea ndio waliopewa kazi ya kuyakata, kwa kuwa hakukuwa na wengine wenye ujuzi. Vipande vilitolewa kwa matumizi ya mji. Vikawa kuta za gereji, mabwawa ya kuogea na paa la banda la nguruwe. Kwa wiki kadhaa hatukusikia wimbo wowote kutoka zamu ya Tikhonovna.

Sasa tunafika kwenye uyoga.

Kiangazi hicho kilikuwa kikali. Miti ya mpango wa mwaka unaofuata ilikuwa bado mifupi kuliko watoto. Mwezi wa Julai watoto wawili wa chekechea ya Mtaa wa Mafundi walizimia uwanjani kwa joto, mmoja akakaa hospitali wiki nzima. Mkuu wa chekechea, Emma Karlovna, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, alikuja kwenye lango letu kuomba msaada.

"Nipeni hata turubai," alimwambia mlinzi. "Nipeni shuka. Nipeni chochote chenye kivuli!"

Tikhonovna alikuwa akitoka zamu. "Turubai litapasuka upepo wa kwanza tu," alisema. "Emma Karlovna, watoto wako wangapi?"

"Themanini."

"Wakikaa wamebanana?"

"Watoto wangu hawabanani, wanapigana."

"Basi kiwe kikubwa," alisema Tikhonovna, akarudi ndani.

Tufe la mwisho lilikuwa bado zima. Alilikata mwenyewe, polepole, kwa mstari mmoja ulionyooka kuzunguka kiuno cha tufe. Mkuu wa karakana wa wakati ule alipopita alikuta kama mabakuli mawili makubwa yaliyopinduliwa yamelala sakafuni.

"Tikhonovna, amri inasema matufe yakatwe."

"Limekatwa."

"Mara moja tu?"

"Amri inasema mara ngapi?"

Mkuu alikwenda ofisini, akaisoma amri tangu juu hadi chini. Kisha akaifungia kwenye droo, akaenda kula chakula cha mchana. Nusu moja ilikatwa vipande siku zilizofuata. Nusu ya pili ilingoja usafiri.

Usafiri ndio uliokuwa taabu. Kreni yetu kubwa ilikuwa imeshapelekwa kwingine, na kreni nyingine ya uwezo huo na tela lake vilikuwa upande wa kushoto, mikononi mwa Sapar Duisenov. Tikhonovna alikwenda kumwomba yeye mwenyewe, na walioshuhudia wanasema Sapar alifurahi kama mtu aliyeletewa mwanakondoo hadi mlangoni.

"Nitakuja," alisema. "Lakini kuna bei, dada."

"Sema."

"Jumamosi uje kwenye kantini yetu. Mbele ya watu wangu na watu wako, uinue glasi kwa roketi yetu. Na useme kwa sauti, si kwa kunong'ona."

"Wewe ni shetani, Sapar."

"Mimi ni dereva wa kreni. Shetani hana tela."

Jumamosi kantini yao ilijaa hadi madirishani. Wetu walikwenda kama watu wanaokwenda mazikoni. Kulikuwa na katlesi za nyama, nyanya, na spiriti iliyozimuliwa kwa kiasi alichojua kila mtu mwenyewe. Tikhonovna alivaa gauni lake la sikukuu. Alisimama, akasubiri kelele ziishe, akasema:

"Nainua glasi kwa roketi ya upande wa kushoto. Inanuka, ina sumu, na sura haina. Lakini inaruka. Yetu ilikuwa na nguvu kuliko zote, nami nilipenda kila mshono wake, nayo haikufika. Kunyweni."

Wa kushoto waliokuwa wamejiandaa kushangilia hawakushangilia. Sapar alivua kofia. Alikunywa, akaweka glasi chini, akawageukia watu wake: "Kuanzia leo nikimsikia mtu anasema jiko la mafuta ya taa, atatembea kwa miguu hadi mjini." Jumatatu asubuhi kreni yake ilikuwa kwenye lango letu, imeoshwa.

Nusu tufe iliwekwa uwanjani juu ya nguzo nene katikati na vishikizo pembeni. Emma Karlovna alipaka rangi pamoja na wazazi, nyekundu kwanza, kisha madoa meupe, kama uyoga wa kwenye viwanja vyote vya watoto nchini, ila huu ungeweza kufunika nyumba. Watoto waliingia chini yake siku ileile. Waligundua kwamba ukiimba katikati, sauti inarudi imenenepa. Tikhonovna alikuwepo. Alisema ana vumbi jichoni.

Mwezi wa Agosti alifika Meja Pakhomov. Alikuwa msimamizi wa kuhakikisha kwamba hakuna kilichobaki. Alikuwa mtu mwadilifu na mchovu, aliyekwisha kukagua mabanda ya nguruwe kwa wiki tatu. Alisimama uwanjani juani, kofia kwapani.

"Hiki ni nini?"

"Uyoga, Ndugu Meja," alisema Emma Karlovna. "Huoni madoa?"

"Madoa nimeyaona, mama. Nauliza chini ya rangi pana nini."

"Mimi ni mwalimu wa chekechea. Waliniambia ni bati."

Alimwita Tikhonovna, naye akaja na aproni yake ya ngozi.

"Mezentseva, vipande vingine vyote havina umbo. Hiki kina umbo. Mtu akikipima atajua kipenyo, na akijua kipenyo atajua mengine. Kikatwe."

"Sawa, Ndugu Meja. Kesho nakuja na mashine. Ila nahitaji karatasi. Nikikata mali ya chekechea bila karatasi, Emma Karlovna atanishtaki."

"Nitamshtaki," alisema Emma Karlovna papo hapo.

"Karatasi utaletewa."

"Na iandikwe kinachokatwa ni kitu gani," Tikhonovna aliendelea, kwa upole kabisa. "Ukiandika uyoga, Ndugu Meja, amri haina neno la uyoga. Ukiandika kile kingine, karatasi hiyo lazima isomwe na mwenye mali na isainiwe. Emma Karlovna hana kibali cha siri. Mpishi hana. Na hawa hapa," akawaonyesha watoto themanini, "hawana vibali, na hakuna wasilolisema nyumbani."

Meja alijifuta shingo. Aliutazama uyoga, akamtazama Emma Karlovna, akamtazama mpishi aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria ya kompoti, kinywaji cha matunda yaliyochemshwa, masikio wazi. Kwa kweli alikuwa amekwama. Hakuna aliyeruhusiwa kukitaja kitu kile nje ya ofisi ya siri, na kisichotajwa hakiwezi kuamriwa kikatwe.

"Wamarekani wanapiga picha kutoka juu," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango. "Wakiuona?"

"Watajua tuna uyoga mkubwa kuliko wao. Angalau hapo tumewashinda."

"Ndugu Meja," alisema mpishi, "ingia kivulini basi. Utaanguka kama wale watoto, na wewe kukubeba si kama kubeba mtoto."

Meja Pakhomov aliingia kivulini. Alikunywa kompoti, akaomba ya pili. Mwaka 1981 alipohama alituambia mwenyewe, katika karamu ya kuagwa, alichoandika kwenye ripoti yake: kifaa cha kuchezea watoto, kimoja, hakihusiki. Alisema ndiyo sentensi pekee ya ripoti ile anayoikumbuka kwa furaha.

Miaka iliyofuata Tikhonovna hakukaa bure. Tulipopewa roketi mpya, iliyobeba mwaka jana chombo chenye mabawa na kukirusha vizuri kutoka kwenye jukwaa lilelile la zamani lililofanyiwa matengenezo, alikuwa na umri wa kupumzika tayari, lakini alibaki kufundisha. Tarehe 15 Novemba 1988, safari hii, aliruhusiwa kutazama akiwa mahali pazuri. Ilipopaa na kuendelea kupaa, alishika mifuko yake mwenyewe.

Agosti mwaka huu siri ilifunguliwa, na Novemba wakaja watu wawili wa makumbusho ya mji mkuu, wakiwa na kamera na adabu. Walizunguka uyoga wakikwangua rangi kwa kucha. Ulikuwa, walisema, umbo kubwa kuliko yote waliyoyakuta ya roketi ile. Wanataka uwekwe kwenye ukumbi, juu ya jukwaa la marumaru, chini ya taa, na kibao cha shaba chenye jina la fundi Glafira Tikhonovna Mezentseva.

Wanaomjua waliona jinsi habari hiyo ilivyomgusa. Mtu huyu alifanya kazi kubwa kuliko kazi zote za maisha yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuijua. Mama yake alifariki mwaka 1983 akiamini maziwa. Ndugu zake waliamini maziwa. Jina lake halikuwahi kuandikwa mahali ambapo mtu wa nje angelisoma. Sasa lingeandikwa kwa shaba, katika mji mkuu, na watoto wa dunia nzima wangepita wakilisoma. Mkurugenzi alisema aamue yeye, na akaamua asimharakishe. Kwa wiki kadhaa tulimwona baada ya zamu ameketi kwenye benchi chini ya uyoga, theluji imerundikana pembeni. Emma Karlovna, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alimletea chai na hakumwuliza neno. Kwa Emma Karlovna hilo halikuwa jambo dogo.

Jumanne tarehe 19 Desemba watu wa makumbusho walirudi kwa jibu. Kantini ilijaa. Hata Sapar Duisenov, mstaafu tangu juzijuzi, alikuja na chupa ya maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, akakaa mbele kabisa.

"Wape wauchukue!" alipaza sauti. "Huko makumbusho utafika mbali kuliko ulivyofika angani!"

Wote wakageuka kumtazama aliyeuchomelea. Tikhonovna alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akamgeukia yule mkubwa wa makumbusho.

"Ukumbi wenu una paa?"

"Ndiyo, Glafira Tikhonovna. Paa zuri, la zege."

"Haliingizi mvua?"

"Hata tone."

"Basi paa mnalo. Watoto wa hapa wanalo hilo moja tu. Kiangazi kitakuja tena."

Mkubwa yule alimkumbusha kibao cha shaba. Hakumkumbusha kwa ubaya. Uso wake ulionyesha kwamba aliona anachoacha mwanamke huyu.

"Najua," alisema Tikhonovna. "Nimekifikiria kila siku. Kinanivutia, nisikudanganye. Lakini ukinipa kibao ukaliondoa paa, nitakuwa nimelikata tufe mara ya pili, na safari hii bila amri ya mtu."

Hapo ndipo Sapar alipopiga meza. Kumbe tangu mwaka 1974 zizi la ngamia wake limeezekwa kwa kipande cha tufe, chenye mshono mrefu katikati. Akasema wakichukue bure. Aliyeuchomelea anajulikana, kwa hiyo kibao cha shaba kitapata mahali pake, na ngamia wake hawajawahi kulowa. Watu wa makumbusho walikwenda siku ileile, wakiongozwa na Tikhonovna. Alipitisha kidole kwenye mshono akasema: "Si mbaya." Kipande kilipakiwa kwenye treni ya Alhamisi, kimefungwa kwa blanketi. Sapar sasa anamlalamikia kila mtu kwamba ngamia wake wanamtazama vibaya.

Kwa hiyo jibu kwa mji mzima ni hili: uyoga hauondoki. Karakana imekubali kuukagua na kuupaka rangi kila majira ya kuchipua, na kazi hiyo imeingizwa kwenye mpango wa mwaka 1990 na miaka yote itakayofuata.

Glafira Tikhonovna anahamia Syzran kwa dada yake, ambako ana chumba kinachotazama Volga na, kwa maelezo yake, miti. Sherehe itafanyika kantini saa tisa alasiri. Pai za samaki zitaletwa na zamu ya pili. Tafadhali njooni na viti.

Tunakushukuru kwa mishono iliyoshika, kwa vijana uliowarudisha mpaka wakajua kazi, na kwa nyimbo tulizosikia kutoka ndani. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi bila king'ora cha zamu, na majirani wanaokuuliza ulifanya kazi gani, ili sasa uwaambie. Uishi kwa raha, Tikhonovna. Ukitukumbuka mwezi wa Julai, joto likiwa kali, ujue watoto wako kivulini.